Vigae Vilivyolishwa Uji

Nilirudi nyumbani kwa mama katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na mwiko, pima maji na hasira. Kampuni ya ujenzi niliyoifanyia kazi ya uashi kule Tabora ilikuwa imetupunguza, redandasi kama tulivyoiita, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioambiwa asante kabla ya saa nne asubuhi. Nikapanda treni mpaka Mpanda, nikalala stesheni, kesho yake nikadandia lori la kwenda Mpimbwe. Njia nzima nilitafuta mtu wa kugombana naye nisimpate, kwa sababu kila abiria mle ndani alikuwa na lake.

Nyumbani nikakuta vyungu. Mama alitoka Ufipa akiwa tayari mfinyanzi, akaolewa Mpimbwe, akafiwa na baba, na ufinyanzi ukabaki kuwa ndiyo kazi yake na ndiye mwenzake. Nilizoea kuona vyungu viwili vitatu barazani vikisubiri safari ya mjini. Safari hii vilikuwa vimepangwa chumba kizima, kimoja juu ya kingine, mpaka chumba nilichokuwa nalala utotoni kikawa hakina mahali pa kuweka mguu.

"Vinangoja nini?" nikamuuliza.

"Vinangoja watu wachoke na ndoo za plastiki," akasema.

Akanisimulia safari yake ya mwisho ya sokoni Kashaulili, Mpanda mjini. Alikwenda na vyungu kumi na viwili vimefungwa kwenye nyasi, akarudi na kumi na kimoja. Hicho kimoja kilinunuliwa na mke wa bwana mmoja wa ofisini, na mama alipompa maelekezo ya kupikia maharage, yule mnunuzi akamwambia hakukinunua kwa ajili ya jiko. Anataka kupandia maua mbele ya nyumba. Mama alinisimulia hayo huku anacheka, halafu kicheko kikakatika na akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Mimi nikalala na yale maneno ya maua. Zamani, kwenye kazi yangu ya kwanza kabisa, bruda mmoja mzee wa misheni alinifundisha kutengeneza slabu za njia za bustani. Unatengeneza fremu ya mbao, unaipaka oili chafu, unatandaza mchanga laini chini, unapanga vipande vya vigae uso ukiwa umeangalia chini, unamwagia niru, yaani simenti tupu iliyokorogwa na maji, kisha unajaza zege mgongoni. Kesho yake unafungua fremu na kugeuza, na hapo juu unakuta uso mzuri wa kigae na chini yake zege la kubeba gari. Bruda alitumia vigae vya dukani vilivyovunjika. Sisi vigae vya dukani tungevitoa wapi? Lakini udongo tulikuwa nao, na mtu wa kuuchoma tulikuwa naye.

Asubuhi nikamweleza mama.

"Kwa hiyo unataka nifinyange vigae kabisa, nisisubiri chungu kivunjike."

"Ndiyo, mama."

"Umetoka Tabora na akili hiyo."

Hata hivyo alifinyanga. Alikata udongo kwa kamba ya katani, akaupiga bapa, akaulainisha kwa kipande cha kibuyu, na kila kigae akakichora ukingo uleule aliochora kwenye midomo ya vyungu vyake. Tulivichoma kwa magome na mavi makavu ya ng'ombe kutoka kwa jirani yetu Msukuma, mtu mrefu aliyehamia na mifugo yake miaka michache nyuma na ambaye hakuwahi kupita kwetu bila kumtania mama. Safari ile alimwita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, ng'ombe wangu sasa wanakupikia mpaka matofali."

Katika tanuru la kwanza baadhi vilipasuka. Hapo niseme jambo la nyumbani kwetu ambalo mgeni hawezi kulijua. Chungu kinapotoka motoni, kikiwa bado cha moto, mama alikimwagia uji mwembamba wa ulezi ndani na nje. Kinatoa mvuke, kinakunywa, kinabaki na madoa meusi, na tangu hapo hakivujishi maji. Bibi yangu alifanya hivyo, na mama yake bibi vilevile. Waliita kukilisha. Chungu kisicholishwa hakitoki nyumbani, maana huwezi kumpelekea mtu kitu chenye njaa. Na kilichopasuka hakilishwi, kwa sababu hakiendi popote.

Vigae vile vilivyopasuka ndivyo mama alivyonipa nifanyie majaribio. Vizuri alivilisha uji, akavifunika kwa gunia, akasema sivigusi mpaka nimwonyeshe kwamba najua ninachofanya. Basi nikachukua vyenye nyufa, nikavilowesha kwenye ndoo mpaka vikatoa mapovu kama mtu aliyetumbukia kisimani, nikavimwagia niru na zege. Nikatoa slabu sita. Nikazitandika bafuni kwetu nyuma ya nyumba, pale kwenye uzio wa mabua tulipokuwa tunaogea, na nikapima kwa pima maji mpaka kiputo chake kikakaa katikati.

Wiki chache baadaye padri alikuja kumkomunisha bibi mmoja mgonjwa jirani na kwetu. Akaomba pa kunawa, mama akamwelekeza nyuma. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kunawa mikono. Aliporudi alisema anataka njia kama ile kutoka mlango wa kanisa mpaka kwenye pango la Bikira Maria, na aliitaka iwe tayari kwa sikukuu ya kupalizwa kwake mwezi Agosti. Simenti ingetoka misheni.

Sijawahi kumwona mama vile. Hakushangilia, hakuwa mtu wa kushangilia, ila jioni ile alitoa vyungu vyote chumbani kwangu akavipanga nje nipate nafasi ya kulala, kana kwamba havikuwa tena deni la moyo. Alisema, "Udongo wangu hawautaki jikoni. Basi wataukanyaga wakienda kusali." Nilielewa hapo kwamba haikuwa njia ya kanisa tu. Kama ile njia ingesimama, mama angekuwa bado mfinyanzi. Isiposimama, angekuwa mama mzee mwenye vyungu vingi.

Tulifanya kazi tangu Mei mpaka mwanzoni mwa Agosti. Yeye alifinyanga na kuchoma, akalisha uji kimoja kimoja, sufuria kubwa ikichemka pembeni. Mimi nilichanganya zege, karai moja la simenti, mawili ya mchanga, matatu ya kokoto, nikafunika slabu kwa magunia na kuzimwagilia siku saba. Nilipoviweka vigae vyake vizuri kwenye ndoo havikutoa povu hata moja. Maji yaliteleza juu yake. Nikafurahi. Nilijiambia vigae vizuri havinywi maji ovyo, na maji yenyewe tunayachota mbali. Mpaka leo nikikumbuka furaha ile natamani kujipiga kofi.

Siku ya sikukuu watu walipita juu ya ile njia kwa nyimbo, wanawake wengine wamevua viatu ili wasiichafue. Mama alitembea mwishoni kabisa, macho chini, akihesabu hatua. Katekista alimwambia njia ni nzuri, naye akajibu kwamba ni kazi ya mwanae. Lakini niliona vidole vyake vikicheza kwenye upindo wa kitenge.

Mvua zilianza Novemba. Jumapili moja kigae kimoja kililia chini ya kiatu cha mtu, kikacheza. Ya pili yake kilikuwa kimetoka. Kufikia Krismasi ile njia ilikuwa kama mdomo wa mtoto wa miaka saba, slabu zimebaki mahali pake, uso umeng'oka, na vigae vimelala pembeni vizima, havijavunjika. Mgongoni mwake kulikuwa na unga mwepesi wa kijivu uliofutika kwa kidole. Zege halikuwa limeshika kabisa. Niliviokota, nikavigeuza, nikavirudisha, nikavigeuza tena. Sikuelewa kitu. Nilikuwa nimefanya kila alichonifundisha bruda.

Mama hakuuliza. Aliacha kula chakula cha jioni. Kanisani alihamia benchi la nyuma karibu na mlango wa pembeni, ili asitoke kwa kupitia ile njia. Watu walimhurumia, na huruma yao ilikuwa mbaya kuliko masengenyo.

Januari, siku moja baada ya misa, niliingia bafuni na nyundo. Nilitaka kuvunja zile slabu sita za majaribio kwa sababu zilikuwa mbele yangu na kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, nikishindwa na kitu natafuta kitu kingine cha kupiga. Nikapiga. Kigae kikavunjika vipande vipande, na kila kipande kikabaki kimeng'ang'ania zege. Nikaweka patasi ukingoni, nikapiga tena. Zege lilimeguka, kigae hakikutoka. Nikapiga cha pili, ikawa vilevile. Nikakaa chini kwenye maji ya sabuni, nyundo mapajani.

Vya bafuni vilikuwa na nyufa. Vilikataliwa. Havikupewa uji.

Nilijua pale pale, kama mtu anavyojua amekanyaga mwiba kabla hajatazama mguu. Uji umeziba vinyweleo vyote vya kigae, niru imekosa pa kuingia, na zaidi ya hapo imechanganyika na wanga ikashindwa kukomaa. Kile kitu ambacho bibi zake mama walikifanya ili udongo usivuje ndicho kilichofanya udongo usishike. Nikainuka kwenda kumwambia.

Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, hapiki chochote. Kabla sijafungua mdomo aliniuliza lile ambalo hakuwa ameuliza tangu Novemba.

"Baba, niambie ukweli. Ni udongo wangu?"

Alikuwa ameniita baba, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo na homa. Nikatazama mikono yake. Nikasema, "Hapana mama. Ni simenti. Ilikaa stoo muda mrefu, ikapigwa na unyevu."

Akashusha pumzi. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikasema nina uhakika. Jioni ile alipika ugali na dagaa wa Tanganyika, akala na mimi sahani moja, na nikawa natafuna uwongo wangu pamoja na dagaa. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho akawa ameamka akiimba.

Nilikwenda kwa padri nikajitwisha lawama, nikasema sikuikagua simenti. Hakunigombeza. Alisema tujaribu tena baada ya mavuno, na atahakikisha simenti inaletwa mpya kutoka Mpanda. Mama aliposikia simenti ni mpya alianza kuandaa udongo kabla ya mvua kuisha.

Nilijaribu, Mungu anajua. Nilimwomba achore mistari mgongoni mwa vigae vikiwa vibichi, zege lipate pa kushika, akakubali, akavibiringishia gunzi la mahindi. Hiyo ilisaidia kidogo. Kisha siku ya tanuru la kwanza, sufuria ya uji ikiwa tayari inatokota, nikasema kwa sauti ya mtu anayewaza tu, "Safari hii tungeviacha bila uji, mama. Hivi si vya kupikia."

Hakuacha kukoroga. "Unataka nimpelekee Mungu kitu chenye njaa?"

"Basi tupake uso tu, mgongo tuache."

"Chungu kinakula nusu?"

Jirani yetu Msukuma alikuwa amekuja na mkokoteni wake wa mavi ya ng'ombe, akacheka. "Mayu, huyu mwashi wako anabania mpaka uji."

Nami nikacheka. Ilikuwa nafasi yangu nzuri kuliko zote na nikaicheka ikapita. Kumwambia sasa kwamba ni uji ilikuwa ni kumwambia na lile lingine, kwamba nilimdanganya Januari na nikamwacha aimbe miezi mitano. Uwongo ukishakaa mezani mkala nao, huwezi kuufukuza kama mgeni.

Nikatafuta njia ya wizi. Mama alipokwenda kwenye sala za jumuiya, nilichukua brashi ya waya nikakwangua migongo ya vigae kumi na kitu, nikakwangua mpaka vidole vikatoka damu. Aliporudi aliviona. Aliviokota kimoja kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye makwaruzo.

"Nani amevichubua?"

"Mimi. Vilikuwa na masizi."

Akawasha moto, akavipasha upya, akavilisha uji mara ya pili, na kwa kuwa alidhani vimeumia aliukoroga mzito. Mimi nilisimama pale na brashi yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimejenga nyumba za ghorofa, na sikuweza kumwambia mwanamke mmoja aache kumimina uji.

Basi nikamwaga zege. Kila slabu niliyomwaga nilijua kitakachoipata. Nilimwagilia magunia siku saba, kisha kumi na nne, kama vile maji yangeweza kusahihisha. Nilitandika njia, nikaipima, kiputo kikakaa katikati. Agosti watu wakapita tena kwa nyimbo. Mama hakutembea mwishoni mwaka ule. Alitembea na wanawake wa katikati, kichwa juu, na padri alipomshukuru mbele ya watu aliinama kidogo. Nilitazama miguu ya watu misa nzima, na sina kumbukumbu ya mahubiri.

Septemba ikapita. Oktoba nikawa naamka alfajiri kutazama mawingu upande wa Rukwa. Mvua ya kwanza ikaja na njia ikasimama. Ya pili, ikasimama. Ile mistari ya gunzi ilikuwa imeshika kidogo, nami nikaanza kuwa mjinga tena, nikaanza kutumaini. Kikaanza kimoja mwishoni mwa Novemba. Wiki mbili baadaye vilikuwa vinaondoka kwa mistari.

Jumapili ya tatu ya Majilio, Krismasi ikikaribia, mama alirudi kutoka kanisani peke yake. Nilikuwa nyuma ya nyumba narekebisha uzio. Alikuwa na kigae kimoja amekifunga kwenye kitenge kama mtu anayebeba mayai. Hakunisalimu. Aliingia bafuni kunawa miguu yenye tope kama alivyofanya kila siku kwa mwaka mmoja na nusu, akajimwagia kata moja ya maji, kisha akasimama. Nilimwona kupitia mabua. Alikuwa anatazama chini.

Akachuchumaa. Akagusa vile vigae vya nyufa, vile nilivyovipiga nyundo vikavunjika na visitoke. Akaingiza ukucha chini ya kipande, akavuta, kikakataa. Halafu akachukua kile alichotoka nacho kanisani, akakigeuza, akakinusa mgongo. Alinusa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kujua udongo ni wa mto upi kwa kuunusa, sembuse uji wake mwenyewe.

"Baba," akaita. "Hivi vya hapa sikuvilisha."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya tena. Uwongo ulikuja wenyewe mpaka kwenye ulimi. Lakini alikuwa amechuchumaa kwenye maji machafu na nguo yake ya kanisa, na sikuweza.

"Januari."

"Januari hii iliyopita."

"Ndiyo."

Alihesabu. Niliona anahesabu, tangu Januari mpaka Agosti, tanuru moja moja, sufuria moja moja.

"Ukaniona nakoroga," akasema.

Nikauzunguka uzio, nikaingia alipokuwa.

"Ungeniambia, ningekasirika siku mbili. Ya tatu ningefinyanga." Akanipa kile kigae nikishike ili ainuke, na alipoinuka hakukichukua tena. "Sasa hata nikifinyanga, nitamuuliza nani kama kimetoka vizuri?"

Akaingia ndani kubadili nguo. Njia ya kanisa ilikuja kumwagwa zege tupu na fundi mwingine, na inatembeka mpaka leo. Mama aliendelea kunipikia, kuniita baba, kuniuliza habari za kazi nilizopata huku na huko, Kasekese, Litapunga, Mpanda mjini. Hakunisema hata siku moja. Ningempa chochote anigombeze.

Kulikuwa na udongo uliobaki, donge kubwa amelifunga kwenye nailoni kwenye kona ya jiko. Aliniambia niutupe, nikasema sawa, na sikuutupa. Kila asubuhi nikishanawa niliufungua, nikaunyunyizia maji kwa mkono usikauke, nikaufunga tena. Alikuwa ananiona. Nilifanya hivyo mvua zote zile na kiangazi kizima kilichofuata, na udongo ulibaki laini, tayari, wala hakuugusa.